Bagamoyo ni Jina la Wapagazi

Mgeni akishuka Bagamoyo leo, kabla hajapata pa kuketi huwa ameshasimuliwa maana ya jina la mji. Simulizi lenyewe ni fupi na linauma: mateka waliotembezwa minyororoni kutoka Manyema na pande za Ziwa Tanganyika, walipoiona bahari kwa mara ya kwanza, walijua kwamba kwao hawarudi tena, wakabwaga mioyo yao ufukweni kabla ya kupakiwa majahazini kwenda Unguja. Bwaga moyo, Bagamoyo. Utalikuta simulizi hilo kwenye vitabu vya kuongozea watalii, kwenye makala za magazeti, na kwenye madaftari ya wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi. Limerudiwa mara nyingi kiasi kwamba kulihoji kunaonekana kama kuwavunjia heshima waliouzwa. Sura hii inalihoji. Hoja yangu ni kwamba jina la Bagamoyo lilitokana na faraja ya watu walioutua mzigo, yaani wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu, na kwamba tulipowapa watumwa jina hilo hatukuwaongezea watumwa chochote, ila tuliwanyang'anya wapagazi kumbukumbu kubwa kuliko zote walizotuachia kwenye ramani.

Tuanze na mahali penyewe. Kabla ya Bagamoyo palikuwa na Kaole, kilomita chache kusini, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe yenye nguzo bado yamesimama jirani na mikoko. Kaole ilichakaa, na mwishoni mwa karne ya 18 Bagamoyo ikaanza kupata watu na biashara. Wenyeji wake walikuwa Washomvi, Waswahili wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, wenye madiwani wao, na jirani zao wa upande wa bara walikuwa Wazaramo. Mapokeo ya pande zote mbili yanasimulia jinsi Washomvi walivyovamiwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa Pazi, mkuu wa Wazaramo, na jinsi Wakamba walivyofukuzwa. Msaada huo haukuwa wa bure. Tangu hapo Washomvi walitoa ada ya kila mwaka, iliyojulikana kama kanda la Pazi. Nalitaja kanda hilo kwa sababu linatuonyesha tabia ya mji huu tangu utotoni mwake. Bagamoyo haikuwa ngome iliyolipa mgongo bara. Ilikaa kwa mapatano na watu wa bara, ikala pamoja nao, na bila wao isingeishi. Riziki yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya pwani: chumvi, samaki wa kukausha, na sandarusi iliyochimbwa ardhini na kusafirishwa hadi Marekani, ambako ilitengenezewa vanishi. Utajiri wake wa pili ulifika kwa miguu.

Ulifika ukiwa juu ya mabega ya Wanyamwezi. Wapo wanaodhani kwamba biashara ya njia ya kati ilianzishwa na Waarabu waliotoka Unguja kwenda bara, lakini wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba mwendo wa kwanza ulikuwa wa upande wa pili. Karibu na mwaka 1800 Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa tayari wakishuka pwani na pembe zao wenyewe, kabla wafanyabiashara wa Unguja hawajazoea kupanda hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora. Angalia jinsi miaka inavyolingana: mji unaanza kukua mwishoni mwa karne ya 18, na wabeba pembe wanaanza kufika wakati uleule. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyofuata njia hiyo ilikomaa, ikatoka Bagamoyo, ikavuka mto Kingani ambao leo tunauita Ruvu, ikapita Usagara, Mpwapwa, Ugogo na mbuga kavu ya Mgunda Mkali, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant waliondokea Bagamoyo mwaka 1860. Stanley alipoondoka Machi 1871 kumtafuta mmisionari na msafiri Livingstone, alifika Unyanyembe mwezi Juni, na huyo alikuwa mtu wa haraka mwenye fedha za kuharakishia. Kwa mpagazi wa kawaida, miezi mitatu kwenda Tabora ilikuwa safari njema.

Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Waliokwenda bara walibeba majora ya merekani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walioshuka pwani walibeba pembe. Pembe ndiyo iliyokuwa mzigo wa heshima, na msafiri Mwingereza Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, ameeleza namna wabeba pembe walivyotangulia katika msafara, kengele ya ng'ombe ikiwa imefungwa kwenye pembe ili ilie kwa kila hatua. Pembe iliyomshinda mtu mmoja iliningʼinizwa kwenye mti na kubebwa mzegazega na watu wawili. Mbele yao wote alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa joho jekundu, bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja mkononi, na nyuma yake ngoma. Msafara ulipokaribia mji, watu walijipamba, bunduki zikapigwa hewani, na wenyeji wakatoka kuutazama. Halafu ndipo mizigo ilipotuliwa. Mtu aliyebeba kilo 30 kwa miezi mitatu, aliyenusurika ndui, njaa ya Ugogo na hongo za watemi, yaani ushuru wa kupita nchini kwao, sasa alikuwa amefika mwisho wa njia: atalipwa doti zake za nguo, atakula samaki na nazi, ataoga baharini, atakaa wiki au miezi akisubiri mzigo wa kurudi nao. Kwa kijana wa Kinyamwezi safari hiyo ilikuwa alama ya utu uzima. Waandishi wa enzi hizo wanakubaliana kwamba asiyewahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto, na hata kupata mke kulimwia vigumu. Hayo ndiyo mazingira ambamo jina la mji lilitamkwa kila siku, na vinywa vilivyolitamka vilikuwa vya watu waliokuja, wakaondoka, na wakarudi tena msimu uliofuata.

Sasa tulisikilize jina lenyewe. Kubwaga ni kitenzi cha mbeba mzigo. Anayebwaga ni yule aliyekuwa na kitu kizito begani au kichwani, akakiangusha chini kwa mara moja kwa sababu amefika au amechoka. Ndiyo maana tunabwaga mizigo, tunabwaga zigo la kuni, na mganga au mchezaji ngoma anayejiuzulu hubwaga manyanga. Moyo unaobwagwa ni moyo uliokuwa umebeba kitu na sasa umepumzika. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kukata tamaa: moyo huvunjika, mtu hufa moyo, tamaa hukatika, roho huinama. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kueleza huzuni ya mtu anayepelekwa utumwani ana maneno mengi ya kuchagua kabla ya kulifikia hilo la kubwaga. Na tuangalie umbo pia. Bwaga moyo ni agizo, au ni mwaliko, anaoambiwa mtu: tua, pumzika. Katika simulizi la watumwa, nani anayemwambia nani? Mateka hawakuwa wakisema Kiswahili walipofika. Walisema Kimanyema, Kiyao, Kibisa na lugha nyingine nyingi, na jina la mji waliopitishwa usiku na mchana kuelekea jahazini halikuwa mali yao kulitunga. Washomvi walikuwa na Kiswahili, na Wanyamwezi wa misafara walijifunza Kiswahili njiani. Hao wawili, mwenyeji na mpagazi, ndio waliokutana katika neno hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba kama asili ni bwaga, basi ile w imekwenda wapi, maana katika vitabu vya karne ya 19 jina limeshaandikwa bila hiyo. Ni pingamizi la haki. Lakini linazigonga tafsiri zote mbili sawasawa, ya mtumwa na ya mpagazi, na anayelishika kwa nguvu atalazimika kuziacha zote. Mimi naona majina ya mahali husagika vinywani kuliko maneno mengine, hasa yanapotamkwa na wageni wa lugha nyingi, na sauti moja kupotea katika jina linalosemwa na Wanyamwezi, Wahindi, Waarabu na Washomvi katika soko moja si jambo la kushangaza. Zaidi ya hapo, hoja yangu haisimami juu ya herufi moja. Inasimama juu ya swali la nani alikuwa pale, alikuwa akifanya nini, na alikuwa na nafasi gani ya kuuita mji.

Kuna tabia ya pwani yetu inayosaidia kulijibu swali hilo. Miji na mitaa ya Mrima hupenda majina ya kukaribisha. Sultani Majid alipoanza kujenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliupa jina lenye salama ndani yake, na sababu yake ilikuwa ya kibiashara: alitaka misafara na majahazi yaje. Ng'ambo ya bandari hiyohiyo pana Mjimwema. Bagamoyo nayo iliishi kwa wageni waliokuja kwa hiari yao, na hiari hiyo ilikuwa na wagombea wengi. Mnyamwezi mwenye pembe angeweza kuteremkia Saadani, Pangani au bandari nyingine ya Mrima, na wafanyabiashara wa miji hiyo walituma watu wao mbali bara kuikatiza misafara njiani na kuishawishi igeukie kwao. Katika ushindani wa namna hiyo, jina linaloahidi mapumziko ni mtaji. Ni vigumu kuamini kwamba mji uliotegemea miguu ya wapagazi ungekubali kuitwa mahali pa kukatia tamaa, na wapagazi wakaendelea kuja kwa maelfu.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: je, utumwa haukuwapo Bagamoyo? Ulikuwapo, na anayeukana anasema uongo. Mateka waliletwa kwa njia ya kati, wengine wakavushwa kwenda Unguja ng'ambo, wengine wakabaki mashambani na majumbani mwa Bagamoyo yenyewe. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868 chini ya Padri Antoine Horner, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwakomboa watoto kwa fedha na kuwajengea kijiji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, aliandika katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903, habari ndefu za watumwa wa Mrima: kazi zao, ndoa zao, namna walivyoachwa huru. Huo ni ushahidi wa mwenyeji aliyekulia ndani ya mambo, na una thamani kuliko simulizi lolote la jina. Lakini swali letu ni kama utumwa ndio uliokuwa biashara kuu iliyoupa mji huu sura na jina, na hapo ushahidi unajibu kwamba hapana. Bandari kuu ya watumwa ya pwani hii ya Afrika Mashariki ilikuwa Kilwa Kivinje. Ilipokea misafara kutoka Ziwa Nyasa, na katika miaka ya 1860 sehemu kubwa ya watumwa walioingia soko la Unguja ilitokea huko. Bidhaa kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe. Kama machozi ya mateka yangetosha kuupa mji jina, Kilwa Kivinje ndio ungelistahili kwanza.

Mwingine atasema nimechora mstari mnene mno kati ya mpagazi na mtumwa, na katika jambo hili ana haki ya kusikilizwa. Mstari huo haukuwa mnene kila mahali. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na watumwa waliowabebesha pembe, na wapo watumwa wa Unguja waliojiajiri katika misafara kwa ruhusa ya mabwana zao, wakagawana nao ujira. Katika msafara mmoja ungeweza kumkuta Mnyamwezi huru, mtumwa wa kukodishwa na mateka wa kuuzwa, wote wakinywa maji ya kisima kimoja. Hata hivyo tofauti ilikuwapo, na wao wenyewe waliijua. Mpagazi huru alikubaliana ujira kabla ya safari. Alikataa mzigo uliozidi, na wapagazi wa msafara mzima waliweza kugoma pale walipoona mwendo ni mrefu kupita makubaliano. Waliweza pia kutoroka usiku na kumwacha mwenye mali na majora yake katikati ya pori. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anawaita wafanyakazi wa ujira, na naona ana haki. Walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa kulipwa katika nchi hii, miaka mingi kabla ya makuli wa bandari na watu wa reli. Tunapowachanganya na mateka tunaifuta historia ya kazi ya nchi yetu, na tunakubali bila kujua lile wazo la wageni kwamba Mwafrika mwenye mzigo kichwani lazima awe amelazimishwa.

Wapo watakaosema: lakini wazee wa Bagamoyo wenyewe wanasimulia habari ya watumwa, na wewe ni nani wa kuyapinga mapokeo? Mapokeo yanastahili heshima, na heshima ya kwanza ni kuyauliza yalipita kwa nani. Mateka aliyevushwa kwenda Unguja, Pemba au mbali zaidi hakurudi Bagamoyo kuwafundisha watoto wa mji kwamba hapa ndipo alipobwaga moyo wake. Aliyebaki mjini alilikuta jina limeshakuwapo na watu wakilitumia. Kwa upande mwingine, mapokeo ya wapagazi yana mnyororo wa watu walio hai. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao bado unachezwa misibani na harusini hadi leo, ulizaliwa katika misafara hiyo, pale mgeni kutoka Tabora alipohitaji mwenyeji wa kumpa maji, kumtibu akiugua na kumzika akifa. Utani hauzaliwi kati ya mtekaji na mateka. Huzaliwa kati ya watu wanaotazamia kuonana tena. Anayetafuta sauti ya wazee kuhusu Bagamoyo ya karne ya 19 asikilize pia matusi matamu ya watani kwenye tanga la msiba.

Basi ilikuwaje simulizi la watumwa likashinda? Sioni haja ya kumtafuta mtu mmoja aliyelitunga. Natazama nani alilihitaji. Misheni ya Bagamoyo iliendeshwa kwa sadaka kutoka Ulaya, hasa michango ya Wakatoliki waliotoa senti zao ili watoto wa Afrika wakombolewe, na mchangiaji wa Ufaransa alihitaji kusikia habari za mnyororo kuliko za ujira na doti. Baada ya wamisionari wakaja wenye bunduki. Kampuni ya Kijerumani ilipopandisha bendera yake katika miji ya pwani Agosti 1888, watu wa Mrima waliinuka, wakiongozwa na Abushiri bin Salim kutoka Pangani na Bwana Heri huko Saadani, na Bagamoyo ikawa uwanja wa vita. Serikali ya Ujerumani iliomba fedha bungeni kumtuma Hermann Wissmann kuuzima upinzani huo, na Januari 1889 bunge likapitisha marki milioni 2. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku. Wajerumani waliutambua kisheria kwa muda wote waliotawala, wakitoa tu amri ndogondogo za kuupunguza, na ulifutwa kabisa mwaka 1922 chini ya Waingereza. Simulizi la Afrika ya minyororo lilikuwa limeshafanya kazi yake: lilifungua pochi za wafadhili na hazina ya bunge.

Wakati huohuo wenye jina walikuwa wakitoweka. Ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi. Jahazi huletwa na maji kujaa, na maji yakitoka hulala ubavu juu ya mchanga, jambo lisilo na tabu kwa nahodha wa jahazi lakini lisilowezekana kwa meli ya mvuke. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Misafara iliendelea kwa miaka kadhaa, na matajiri kama Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Kiismailia aliyekodisha wapagazi na kuuza vifaa vya safari, walijenga majengo ambayo mengine bado yapo. Lakini reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya watu. Njia ikaota majani, kambi zikavunjika, na Mnyamwezi aliyezoea kutua mzigo Bagamoyo akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Jina likabaki bila mtu wa kulieleza, na jina lililoachwa na wenyewe humwangukia yeyote mwenye simulizi la kulibandikia.

Mfano wa namna tulivyowasahau uko palepale mjini, kwenye viwanja vya misheni. Kuna mnara wa kanisa la zamani unaoitwa mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa hapo Februari 1874. Livingstone mwenyewe alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na ganda la mti, wakautundika kwenye mti mrefu na kuubeba. Njiani, baada ya kupita Unyanyembe, waliufungasha upya ufanane na mzigo wa nguo, maana wenyeji wa sehemu nyingine wasingeruhusu maiti ipite nchini kwao. Safari ilikuwa ya miezi tisa hivi na zaidi ya kilomita 2,000. Walipofika Bagamoyo waliukabidhi, ukapelekwa Unguja, kisha London, ambako ulizikwa Aprili 1874 katika Westminster Abbey. Kati ya wabebaji wale, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili huo. Wengine walilipwa ujira wao na kuachwa pwani. Baadaye Uingereza ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika na hawakupatikana. Sijui tukio jingine katika historia ya Bagamoyo lenye haki zaidi ya kuitwa kubwaga mzigo, na mnara umebaki na jina la aliyebebwa.

Hayo ndiyo yanayonifanya nilione suala hili kuwa kubwa kuliko ubishi wa maana ya jina. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hii katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, na kichwa cha pendekezo kikaanza na utumwa kabla ya pembe. Naelewa kwa nini. Dunia ina njia iliyozoeleka ya kuikumbuka Afrika, na mji mdogo usio na bandari kubwa wala kiwanda hutafuta wageni kwa simulizi ambalo wageni wameshalijua. Lakini tunalipa gharama. Mtoto wa Tabora anayeletwa Bagamoyo anaambiwa kwamba babu wa babu yake alifika hapa akilia katika mnyororo, wakati kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alifika akiimba, kengele ikilia kwenye pembe, akijua bei ya kazi yake. Mtoto huyo ana haki ya kuzijua habari zote mbili, kila moja mahali pake. Na jina linaweza kubeba maana mpya bila kuidhulumu ya zamani: Wamsumbiji wa Frelimo, waliokuwa na shule yao ya sekondari Bagamoyo wakati wa vita vya ukombozi, waliupa mtaa mmoja wa Maputo jina la mji huu, na kwao Bagamoyo ni neno la shule na uhuru. Hawakumnyang'anya mtu.

Waliouzwa wana kumbukumbu zao za kweli, na zinahitaji kutunzwa vizuri zaidi kuliko zinavyotunzwa sasa: kijiji cha waliokombolewa, makaburi yao, daftari za misheni, kurasa za Mtoro bin Mwinyi Bakari ambazo kila shule ya sekondari ya mkoa wa Pwani ingepaswa kuwa nazo. Jina la mji tuwarudishie wapagazi. Halmashauri iandike hivyo kwenye vibao vyake, waongozaji wa watalii wafundishwe hivyo, na pale misafara ilipokuwa ikitua mizigo pawekwe ukumbusho wa mtu mmoja: Mnyamwezi aliyefika kwa miguu kutoka Unyanyembe na frasila mbili za pembe begani.